Kilicho haki Kwale ni haki Newala

Mwezi Oktoba 2016 Wamakonde wapatao mia tatu waliondoka Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, wakashika njia kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais. Hawakudai ardhi wala fidia. Walidai kitambulisho. Babu zao walitoka Msumbiji, na wengine huku kwetu Tanzania, kuanzia miaka ya 1930, wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa. Baadaye wengine waliwafuata wakikimbia vita vya Mreno. Waliokata mkonge wakazeeka, watoto wao wakazaa watoto, Kenya ikapata uhuru mwaka 1963, na bado mjukuu aliyezaliwa Kwale hakuwa raia wa Kenya, wala wa Tanzania, wala wa Msumbiji. Kijana aliyemaliza shule hakuweza kupata ajira rasmi, kufungua akaunti benki, kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kukata leseni ya uvuvi, naye anaishi hatua chache kutoka baharini. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Februari 2017 vikaanza kutolewa, na Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Ni vigumu kumpata mtu wa Masasi au Newala atakayesema Kenya ilikosea. Wale ni ndugu zetu, na habari ile iliwagusa wengi huku kusini. Lakini Kenya haikuwapa uraia kwa sababu ni ndugu zetu. Iliwapa kwa sababu walikuwa wamefanya kazi ambayo nchi ile iliihitaji, kwa sababu walizaliwa pale na hawakuwa na pengine pa kwenda, na kwa sababu kukosa karatasi hakukuwa kosa lao bali la serikali zilizopita bila kuwaandikisha. Ninalotaka tulitafakari jioni hii ni hili: sababu hizo hazina kabila, wala hazina upande wa mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Kama zina nguvu Kwale, zina nguvu ileile Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, pale anayeomba anapokuwa mtu wa Msumbiji na anayeombwa tunapokuwa sisi. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Sikatai kwamba nchi ina haki ya kulinda mpaka wake na kuamua nani aingie, na sijui nchi inayoweza kuishi bila haki hiyo. Ninachokataa ni kuitumia haki hiyo kwa kipimo kimoja tunapokuwa wenyeji na kingine watu wetu wanapokuwa wageni.

Tuuangalie kwanza mpaka wenyewe. Desemba 1886 Mjerumani na Mreno walikubaliana huko Ulaya kwamba mto Ruvuma uwe mwisho wa huyu na mwanzo wa yule. Wakazi wa Newala na wa Mueda ya Msumbiji hawakuulizwa. Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, unaliona bonde la Ruvuma chini yako na ardhi ya Msumbiji ng'ambo, na ng'ambo hiyo wapo watu wenye lugha, koo na unyago kama wa huku. Simulizi za Wamakonde wenyewe zinataja asili yao kusini ya mto. Wamakua na Wayao wengi walivuka kuja huku katika karne ya 19. Hata Masasi ya misheni tunayoifahamu ilianzishwa na wahamiaji: mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja na watu waliokombolewa utumwani Unguja, akawaweka pale chini ya majabali. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Wamagwangwara walipoivamia na kuichoma, sehemu ya misheni ilihamia Newala chini ya ulinzi wa Matola, mtawala Myao, naye mwenyewe ni wa watu waliohamia uwanda huo. Kwa hiyo mhamiaji alimpa hifadhi mhamiaji, na kutokana na hilo zikapatikana shule, kanisa na mji. Sisemi kwamba historia hii inaufuta mpaka. Mipaka yote ya Afrika ilichorwa hivyo, na viongozi wetu walipokutana Cairo mwaka 1964 waliamua kuiacha ilivyo kwa sababu kuichora upya kungeleta vita. Walifanya jambo la busara. Lakini kuukubali mstari ni jambo moja, na kumwadhibu mtu kwa sababu mstari ulipita katikati ya ukoo wake ni jambo jingine.

Sasa tuje kwenye korosho, kwa sababu ndizo zinazoulisha uwanda wa Makonde na ndizo zinazotuonyesha uhamiaji ulivyo hasa, mbali na hotuba. Kabla ya msimu kuna palizi, kisha kupuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani, na anayebeba bomba mgongoni hulivuta vumbi lile kifuani. Kuanzia Oktoba kazi ni kuokota: kuinama chini ya mkorosho toka asubuhi, kunyofoa korosho kwenye bibo, kuanika, kuchambua, kujaza gunia, kulifikisha gunia ghala la chama cha msingi. Shamba likiwa kubwa, familia haiwezi peke yake, na miongoni mwa vibarua wamo watu waliovuka Ruvuma. Wengine huja na kurudi. Wengine walibaki, wakaoa au kuolewa, wakajenga, wakazaa. Korosho zao zimo katika yale magunia yanayopigwa mnada chini ya vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU, zimo katika ushuru wa halmashauri na katika fedha za kigeni zinazoingia Benki Kuu. Nchi imekwisha kula jasho lao. Hapo ndipo ninapoona deni, kwa sababu si haki kuikubali kazi ya mtu miaka ishirini, na siku akiugua au akidai ujira wake ndipo tukumbuke kwamba ni mgeni.

Idara ya Uhamiaji huwaita watu wa namna hii wahamiaji walowezi, na tatizo lao kubwa liko zaidi mezani kwa afisa kuliko mtoni. Mtu wa mpakani anapokwenda kujiandikisha kwa ajili ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, huulizwa wazazi wake walizaliwa wapi, na pengine bibi na babu. Chukulia mama wa miaka arobaini, mzaliwa wa kijiji cha Newala, aliyesoma shule ya msingi hapo hapo, mwenye kadi ya kliniki ya kila mtoto wake. Anaulizwa: bibi yako mzaa mama alizaliwa wapi? Jibu la kweli ni Mueda. Akisema kweli anaweza kuambiwa asubiri, alete uthibitisho, arudi siku nyingine. Akisema bibi alizaliwa Newala, anapita. Utaratibu unaomtesa msema kweli na kumpitisha mwongo una kasoro ya haki hata kabla hatujafika kwenye sheria. Na tukifika kwenye sheria, mambo yanashangaza zaidi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, katika kifungu cha 5, inasema kwa maneno yake kwamba aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano anahesabiwa kuwa raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia wa kigeni na wale waliozaliwa na adui mahali palipokaliwa na adui. Lakini katika utekelezaji hudaiwa kwamba lazima mzazi mmoja awe raia. Kama Taifa linataka sharti hilo, lina Bunge. Lipeleke muswada, ujadiliwe mchana kweupe. Kuliongeza sharti mezani kwa afisa ni kumnyima mtu kile ambacho Bunge halijamnyima.

Usidhani jambo la karatasi ni dogo. Uingereza, nchi yenye kumbukumbu za kila kitu, iligundua mwaka 2018 kwamba ilikuwa imewanyima matibabu, kazi na pensheni, na wengine kuwafukuza kabisa, wazee waliohamia kihalali kutoka visiwa vya Karibi tangu mwaka 1948. Walitakiwa wathibitishe wamekaa nchini miaka yote hiyo, ilhali kadi za kuwasili kwao zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Ikiwa hayo yaliwapata watu walioshuka melini na kuandikwa majina bandarini, itakuwaje kwa mtu ambaye bibi yake alivuka kwa mtumbwi wakati wa Mwingereza? Anayepaswa kubeba mzigo wa ushahidi ni yule mwenye ofisi, kumbukumbu na uwezo. Mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati na wazee wa kijiji wanamjua aliyezaliwa pale na aliyefika juzi. Ushahidi wao upewe uzito unaostahili.

Wapo watakaosema: sheria ni sheria, na hawa wana nchi yao, warudi wakaombe kwa utaratibu. Hoja hii ina uzito kwa mtu aliyeingia mwaka huu akijua anavunja sheria. Lakini hata kwake, tuangalie ni utaratibu gani tunaomwambia afuate. Kibali cha ukaazi na cha kazi kilibuniwa kwa ajili ya mtaalamu wa kampuni au mwekezaji, na gharama yake inapita kwa mbali kipato cha mwokota korosho. Mlango ambao maskini hawezi kuupita hata akitaka kutii hauwezi kuitwa utaratibu kwake. Kibali cha msimu, cha bei nafuu, kinachotolewa mpakani na kumtaja mwenye shamba, kingempa kibarua njia halali na kumpa mwenye nchi daftari la majina. Na hata mfanyakazi Mtanzania angenufaika. Mtu asiye na karatasi anaweza kutishwa kwa maneno mawili tu, nitakupeleka Uhamiaji, na akitishwa hupokea nusu ya ujira. Mwenye shamba akizoea nusu, kijana wa Newala naye atapewa nusu. Wanaolalamika kwamba wageni wanashusha malipo wana lalamiko la kweli, lakini kinachoyashusha ni hofu ya mgeni. Ondoa hofu hiyo, na kibarua wa Msumbiji atadai sawa na kibarua wa kwetu.

Kuna wanaotaja huduma, na hapa ninasimama nao kwa sehemu. Uwanda wa Makonde una uhaba wa maji ambao mtu wa bondeni hauelewi. Mvua inazama kwenye mchanga, na tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kusukuma maji kutoka chini ya uwanda kwenda juu, na bado ndoo ni kilio cha kina mama. Zahanati zina foleni. Ukimwambia mama anayesubiri bombani kwamba aongezewe watu kwenye foleni, ana haki ya kuuliza nani atalipa. Jibu langu ni kwamba walowezi wako kwenye foleni hiyo tayari. Tofauti ni kwamba hawahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Halmashauri hupanga kwa idadi ya watu. Tukiwaficha, tunawapunguzia maji wote walio kwenye foleni.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya kazi na makazi. Jambo zito zaidi ni la wale waliokimbia kuuawa. Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia, na Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa. Kufikia mwaka huo watu zaidi ya laki saba walikuwa wamekimbia makazi yao katika jimbo lile. Baadhi yao walivuka Ruvuma. Kwa taarifa za shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, kufikia Juni 2021 watu zaidi ya 9,000 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kutoka Tanzania tangu Januari, kupitia Negomano, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Waliohojiwa walieleza kwamba walikusanywa, wakaulizwa, na asiyeweza kuonyesha kuwa ni Mtanzania akapakiwa garini. Negomano ndipo linapoishia Daraja la Umoja, lile la mita 720 linaloanzia Mtambaswala, Nanyumbu, ambalo Marais Kikwete na Guebuza walilifungua Mei 2010 na ambalo Nyerere na Samora Machel walikuwa wameliota tangu Msumbiji ilipopata uhuru. Ni jambo la uchungu kwamba mama aliyebeba mtoto kutoka Palma alipitishwa hapo kurudishwa kwenye jimbo lenye vita. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza wazi kumkatalia mtu mpakani pale ambapo kurudi kwake kunahatarisha maisha au uhuru wake. Mkataba huo uliandikwa na Waafrika kwa ajili ya mazingira ya Afrika, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo ya kuwahudumia wakimbizi, mwaka 1983 kwa sababu ya mambo haya haya.

Najua jibu ninalopaswa kulikabili, na si jibu jepesi. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto usiku wakavamia Kitaya, wilaya ya Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Familia za Kitaya hazihitaji kufundishwa maana ya usalama, na serikali isiyowalinda ingekuwa imeshindwa kazi yake ya kwanza. Muuaji anaweza kujichanganya na wanaokimbia. Hilo linawezekana na limewahi kutokea kwingine. Lakini tuangalie tulifanya nini hatari ilipokuwa kubwa kuliko hii. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita vikaanza Septemba 1964, na kwa miaka kumi ng'ambo ya Ruvuma palikuwa na jeshi la Ureno, nchi mwanachama wa NATO, lenye ndege na mabomu. Wapelelezi walikuwapo. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam Februari 1969. Wanajeshi wetu waliokufa Msumbiji wamezikwa Naliendele, Mtwara. Pamoja na hayo wakimbizi walipokelewa kwa maelfu, wakahojiwa, wakapewa mashamba Rutamba kule Lindi, mbali na mto. Mkataba wa 1969 nao unasema hivyo hivyo: mkimbizi awekwe umbali wa kutosha kutoka mpakani, kwa usalama wa wote. Mpokee, mpokonye silaha kama anayo, mchunguze, msogeze mbali na mto. Kumrudisha kila mtu bila kumchuja hakumkamati gaidi hata mmoja, kwa sababu gaidi hapiti penye afisa mwenye orodha. Anayepita hapo ni mama mwenye mtoto. Na tunapomrudisha tunapoteza mtu aliyewaona wavamizi kwa macho yake na ambaye angeweza kutueleza wako wangapi na wanapita wapi.

Nchi hii imebeba sana, na hilo lisemwe kwa heshima. Mwaka 1994, ndani ya saa ishirini na nne hivi, watu kama laki mbili na nusu walivuka Rusumo kutoka Rwanda. Miaka miwili baadaye serikali ya Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa Desemba 1996, na wakarudishwa. Mkapa alikuwa na lalamiko la haki: nchi tajiri zilitoa mawaidha mengi na msaada haba, na misitu ya Kagera ndiyo iliyokatwa kuni. Bado naona uamuzi ule ulikuwa na kasoro, kwa kuwa uliwatupa pamoja wahusika wa mauaji ya kimbari na watu waliokuwa na hofu ya kweli ya kurudi, bila kumsikiliza kila mmoja. Uchovu wa mwenyeji ni sababu ya kudai mzigo ugawanywe. Hauwezi kuwa sababu ya kuacha kuuliza huyu aliyesimama mbele yetu atapatwa na nini akirudi. Na ni Tanzania hiyo hiyo iliyowapa uraia Warundi zaidi ya 162,000, wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao, jambo ambalo mataifa machache sana duniani yamewahi kulifanya kwa mkupuo. Kwa hiyo uwezo wa kutenda haki tunao.

Linabaki swali ambalo huulizwa kila mahali: tukifungua mlango, si watamiminika? Kenya inatupa jibu la vitendo. Sheria yake ya uraia ya mwaka 2011 haikufungua mlango kwa yeyote atakayekuja. Iliwalenga wasio na utaifa waliokuwapo nchini tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao, na ikaweka muda wa kuomba. Mtu hawezi kuvuka mto leo akawa amefika mwaka 1963. Baada ya Wamakonde walifuata Washona, kisha Wapemba wa pwani. Tanzania nayo inaweza kuchagua tarehe yake, iitangaze kwenye mikutano ya vijiji kuanzia Mahuta hadi Mangaka, ipeleke maafisa wa Uhamiaji na NIDA pamoja na wazee wanaowajua watu, na iseme kwamba atakayetaja kwa ukweli mahali alipozaliwa bibi yake hatakamatwa kwa jibu hilo.